Somo la 7: Benoni au Benyamini?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 29:31–35, 33:1–2, 35:9–20, 37:3–11, 1 Wafalme 1:5–6, 1 Mambo ya Nyakati 4:9–10, Luka 3:21–4:4, Yohana 13:1–5, Wakolosai 3:20–21.

Fungu la Kukariri: Luka 3:22. Likariri kama lilivyo katika Biblia mnayotumia nyumbani, pamoja na watoto.

Msafara wa Yakobo ulikuwa umebakiza mwendo mfupi kufika Efrata, ndiyo Bethlehemu, Raheli aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Uzazi ulikuwa mgumu. Mkunga alijaribu kumtia moyo kwamba huyu naye ni mtoto wa kiume, lakini nguvu zilikuwa zimekwisha. Kabla ya kukata roho Raheli alimpa mtoto jina: Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu. Kisha akafa, akazikwa kando ya njia.

Yakobo alikuwa na kila sababu ya kuliacha jina hilo. Lilikuwa neno la mwisho la mke ambaye kwa ajili yake alimtumikia Labani miaka kumi na minne. Katika jamii zetu wosia wa marehemu hauguswi. Hata hivyo baba aliliweka kando, akamwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Hakujifanya kwamba huzuni haikuwapo. Alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Alichokataa ni mtoto kubebeshwa kaburi lile kila anapoitwa kula.

Wataalamu wa malezi huzungumzia kujithamini kwa mtoto, yaani ile hali ya mtoto kujua moyoni kwamba yeye ni mtu wa maana na anapendwa. Biblia hailitaji jambo hilo kwa neno hilo, lakini inatufungulia milango ya nyumba nyingi ambamo watoto walijengwa au walivunjwa. Juma hili tutakaa zaidi katika nyumba ya Yakobo. Huyu ni baba aliyefanya makosa mazito ya malezi, na ndiye huyo huyo aliyefanya pale Bethlehemu tendo ambalo huenda ni zuri kuliko yote aliyoyafanya kama baba.

JUMAPILI

Watoto Walioitwa kwa Huzuni

Soma Mwanzo 35:9–18. Ni jambo gani Mungu alimkumbusha Yakobo kule Betheli, muda mfupi kabla ya kifo cha Raheli?

Ni rahisi kusoma sura hii kana kwamba ina habari mbili zisizohusiana: kwanza Mungu anamtokea Yakobo, halafu unakuja msiba. Lakini zitazame zilivyofuatana. Katika fungu la 10 Mungu anamthibitishia Yakobo jina jipya, Israeli. Mafungu manane baadaye Yakobo anampa mwanawe jina jipya. Mtu aliyebadilishiwa jina amejua namna ya kumbadilishia mwingine.

Naye alikuwa amelihitaji badiliko hilo sana. Jina Yakobo lilitokana na kushika kisigino cha ndugu yake walipozaliwa (Mwanzo 25:26), na Esau aliligeuza kuwa shtaka (Mwanzo 27:36). Siku baba yake, ambaye macho yalikuwa yamepofuka, alipomwuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni Esau. Mahubiri mengi yamehubiriwa juu ya uongo huo, na ni haki, kwa sababu ulikuwa uongo. Ila yafaa kuuliza pia: kwa nini mwana huyu aliona kwamba ili apate baraka ya baba yake ni lazima awe mtu mwingine? Miaka mingi baadaye, kwenye kivuko cha Yaboki, aliulizwa tena jina lake (Mwanzo 32:27). Safari hii alilitaja lake mwenyewe. Hapo ndipo alipobarikiwa.

Majina ya namna ya Benoni si mageni kwetu. Tuna akina Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Matatizo, na wengine kati yao ni wazee wa kanisa na mashemasi wanaoheshimika. Hakuna haja ya mtu yeyote kukimbilia kubadilisha cheti cha kuzaliwa. Jina la kwenye cheti mara nyingi ni kumbukumbu tu ya hali iliyokuwapo, iwe njaa, safari au msiba. Linalojenga au kubomoa zaidi ni jina la pili, lile la kila siku ambalo halikuandikwa popote. Mzembe. Kichwa maji. Bonge. “Huyu wetu hana akili, kamfuata mjomba wake.” Mtoto mdogo hana kioo kingine cha kujitazama isipokuwa uso na maneno ya wale wanaomlea. Akiitwa mvivu asubuhi na jioni na mtu yule yule anayempikia uji na kumfunika blanketi, ana sababu gani ya kutomwamini?

Soma 1 Mambo ya Nyakati 4:9–10. Yabesi alifanya nini na jina alilopewa na mama yake?

Mama yake Yabesi alimpa jina linalotokana na utungu aliomzaa nao. Hatusomi kwamba alikuwapo baba wa kulibadilisha. Yabesi mwenyewe alilipeleka jambo lake kwa Mungu, na katika ombi lake aliomba asipatwe na huzuni, yaani lile lile ambalo jina lake lilimtabiria. Mungu akampa alichoomba. Hili ni neno la faraja kwa mtu mzima anayesoma somo hili akikumbuka majina aliyoitwa utotoni. Mzazi asipolibadilisha jina, Mungu anaweza.

Ni majina gani ya kila siku yanayotumika nyumbani kwako? Kama mtoto wako angeulizwa leo, “Wewe ni nani?” angejibu kwa maneno gani aliyoyasikia kutoka kwako?

JUMATATU

Kiu ya Lea na Foleni ya Yakobo

Soma Mwanzo 29:31–35. Katika kuwapa majina wana wake watatu wa kwanza, Lea alikuwa anazungumza na nani hasa?

Lea aliolewa kwa hila, na alijua kwamba hapendwi. Alipozaa Reubeni alisema kwamba sasa mume wake atampenda. Alipozaa Simeoni alirudi kwenye kuchukiwa kwake. Alipozaa Lawi aliamini kwamba sasa mume wake ataungana naye. Watoto watatu, na kila mmoja amebeba katika jina lake ujumbe uliokusudiwa kwa mtu mwingine. Kila Reubeni alipoitwa kutoka malishoni, jina lake lilikuwa linamwomba baba amtazame mama.

Tusimhukumu Lea haraka. Mzazi aliyejeruhiwa hupenda watoto wake kama wazazi wengine, na pengine zaidi. Tatizo ni kwamba bila kukusudia huwapa watoto kazi isiyo yao: kuponya ndoa, kuwanyamazisha mawifi, kuwaonyesha majirani kwamba naye anaweza. Mama aliyeachishwa shule humsukuma binti yake mpaka usiku wa manane, na mtihani wa darasa la saba unakuwa ni wa mama. Matokeo yakiwa mabaya, mtoto hasikii kwamba amepata alama chache katika Hisabati. Anasikia kwamba amemwangusha mama yake.

Lakini lisome tena fungu la 35. Kwa mtoto wa nne Lea hamtaji mumewe hata kidogo. Anasema kwamba mara hii atamsifu Bwana, na mtoto anaitwa Yuda. Yakobo hakuwa amebadilika, wala nyumba haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mahali ambapo Lea alikwenda kutafuta thamani yake. Yuda ndiye mtoto wake wa kwanza asiyebebeshwa kiu ya mama, na ni katika ukoo wake alikozaliwa Masihi. Mzazi anayetaka kumjenga mtoto aanze hapa, kwa kuuliza kiu yake mwenyewe anaipeleka kwa nani.

Soma Mwanzo 33:1–2 na 37:3–4. Watoto wa Yakobo walijuaje nafasi zao katika moyo wa baba yao?

Habari ya vazi la Yusufu tunaijua tangu Shule ya Sabato ya watoto. Ile ya sura ya 33 huwa tunaipita. Yakobo anakwenda kukutana na Esau anayekuja na watu mia nne, naye haji kwa hakika kama ni amani au ni vita. Anaipanga familia. Mbele wanawekwa wajakazi na watoto wao, kisha Lea na watoto wake, na nyuma kabisa, mahali penye usalama, Raheli na Yusufu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Dani na Naftali, Gadi na Asheri walitazama mbele wakamwona Esau, wakatazama nyuma wakaona ni nani anayekingwa kwa miili yao. Tukifika sura ya 37 na kukuta kaka hawa hawawezi kumsemesha Yusufu neno la amani, tukumbuke foleni ile.

Yakobo alijua uchungu wa kutopendelewa. Isaka alimpenda Esau (Mwanzo 25:28). Hata hivyo aliyarudia yale yale kwa wanawe, kwa kuwa kuumizwa na jambo hakumfundishi mtu kuliacha.

Foleni hizo tunazo. Mtoto mmoja anapelekwa shule ya bweni ya kulipia, na mwenzake aliyeletwa kutoka kijijini baada ya wazazi wake kufariki anabaki kuchota maji na kuambiwa kwamba ada imekuwa ngumu. Mtoto wa nje ya ndoa anakula, anavaa, anasoma, lakini picha ya familia ikipigwa yeye ndiye anayeshika simu. Kuku akichinjwa, kila mtoto anajua kipande chake, na anajua ni kwa nini. Wazazi husema kwamba watoto hawaelewi mambo haya. Wanayaelewa kuliko hesabu za darasani.

Haimaanishi kwamba watoto wote watendewe kwa namna moja. Mgonjwa huhitaji zaidi, mdogo hubebwa, mkubwa hutumwa. Mtoto anaweza kuikubali tofauti ya mahitaji akielezwa. Tofauti ya mapenzi hata isipoelezwa huiona.

Ikiwa hatari ingeifikia familia yako leo, foleni ingepangwaje? Mwalimu, usiwaharakishe wanadarasa katika swali hili, na usimlazimishe mtu kujibu kwa sauti.

JUMANNE

Sauti Kabla ya Kazi

Soma Luka 3:21–23. Wakati sauti ya Baba iliposikika, Yesu alikuwa amekwisha kufanya kazi gani ya hadharani?

Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Hakuwa ameponya mkoma wala kumfufua mtu. Mahubiri ya mlimani yalikuwa bado. Ishara yake ya kwanza, ile ya Kana, ilikuwa bado (Yohana 2:11). Mbele ya watu alikuwa fundi kutoka Nazareti aliyepanga mstari pamoja na wenye dhambi kubatizwa. Ndipo Baba akamwambia kwamba yeye ni Mwana wake, kwamba ni mpendwa, na kwamba amependezwa naye. Mambo hayo matatu yalitangulia huduma yote.

Nyumbani kwetu mara nyingi mpangilio umegeuzwa. Mtoto hufanya kwanza, kisha hupendezwa naye. Akishika nafasi ya tatu darasani anakumbatiwa. Akishika ya thelathini na tano, chakula cha jioni siku hiyo ni kimya. Si kosa kufurahia matokeo mazuri. Lakini mtoto anayekumbatiwa siku ya ushindi peke yake hujifunza kwamba pale kilichokumbatiwa ni ripoti ya shule.

Soma Luka 4:1–4. Linganisha maneno ya mjaribu na yale ya Baba pale Yordani. Ni neno gani ambalo mjaribu aliliacha?

Mjaribu alikuwa mwangalifu. Alilichukua neno “Mwana” akalitia “ikiwa” mbele yake, na lile la “mpendwa” akaliacha kabisa. Kisha akadai kazi: mawe yawe mikate. Kwa maneno mengine, Yesu alitakiwa athibitishe kwa tendo kile ambacho Baba alikwisha kukisema bila tendo lolote. Yesu hakuthibitisha kitu. Alikuwa na njaa ya siku arobaini, lakini hakuwa na njaa ya kujulikana kwamba yeye ni nani.

Kijana wetu atakutana na “ikiwa” hiyo. Ikiwa wewe ni mwanamume, onja hii. Ikiwa unanipenda, njoo chumbani kwangu. Ikiwa wewe si mshamba, weka picha hii kwenye simu. Anayefika nyikani akiwa ameisikia sauti nyumbani kwao ana jambo la kusimamia. Asiyeisikia atahangaika kugeuza mawe kuwa mikate kwa kila anayemwambia.

Kuna jambo jingine dogo, lakini lina faida kubwa. Katika Luka maneno ya Baba yanaelekezwa kwa Mwana mwenyewe. Katika Mathayo 3:17 yanawaambia wengine habari za Mwana. Tunahitaji yote mawili, na tabia zetu huwa na upungufu upande huu au ule. Wako akina baba wanaowasifu watoto wao kwa wageni na kazini, wakati mtoto mwenyewe hajawahi kusikia hata siku moja. Amelelewa na mtu anayejivunia yeye, naye hajui. Wako wengine ambao faraghani ni wapole, lakini wageni wakifika wanamwita mtoto na kuanza kusimulia alivyokojoa kitandani, nao wageni wanacheka. Baba wa mbinguni alimwambia Mwana, na akawaambia watu.

Na hakusema mara moja tu. Yesu alipokaribia kuelekeza uso wake Yerusalemu, mahali pa mateso, sauti ilisikika tena mlimani (Luka 9:35).

JUMATANO

Je, Hayo Si Majivuno?

Baadhi ya wazee wetu husikia habari za kujithamini wakaingiwa na wasiwasi. Wanauliza, je, mtu hakuitwa kujikana nafsi? Je, hatutalea watoto wenye viburi, wanaomjibu mzazi na kudharau kanisa? Swali hilo ni la haki, na lisijibiwe kwa dharau.

Soma 1 Wafalme 1:5–6. Daudi alikosea nini katika kumlea Adoniya?

Fungu la 6 linasema jambo la kushangaza: baba yake hakuwahi kumuudhi kwa kumwuliza kwa nini amefanya hivi. Adoniya alikuwa mzuri wa sura, alipata magari na wapanda farasi, na hakuna siku aliyoulizwa “kwa nini?” Huyu hakukosa sifa. Alikosa baba wa kumsimamisha. Eli naye aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu (1 Samweli 2:29), wala hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Kumwacha mtoto afanye apendavyo si kumthamini. Ni kumwambia kwamba matendo yake hayana uzito wa kutosha mtu mzima kujisumbua nayo. Kadhalika sifa za uongo. Mtoto aliyeimba vibaya na kuambiwa kwamba ameimba kama malaika anajua kwamba ameongopewa, na kesho hataamini hata sifa ya kweli.

Soma Yohana 13:1–5. Yesu alijua nini kabla ya kuinuka na kujifunga kitambaa?

Yohana analitaja kwa makusudi. Yesu, akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba ametoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu, aliinuka kutoka chakulani akaanza kuosha miguu. Wanafunzi kumi na wawili walikuwamo chumbani, na kwa mujibu wa Luka 22:24 walikuwa na mabishano juu ya nani aliye mkubwa. Hakuna kati yao aliyegusa beseni. Asiye na hakika na thamani yake hawezi kuinama, kwa kuwa anaogopa kwamba akiinama ataonekana mdogo. Aliyekuwa na hakika aliinama.

Hilo ndilo jibu kwa wazee wetu. Mara nyingi majivuno ni kelele za mtu ambaye ndani hajasadiki kwamba anapendwa. Mtume anatutaka tujione kwa kiasi, si kupita ilivyopasa (Warumi 12:3), na kiasi hakimaanishi kujidharau. Mtoto anayejua kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu na kununuliwa kwa damu ya Kristo hana haja ya kumpiga kikumbo mwenzake ili aonekane.

Fikiria mtu unayemfahamu ambaye yuko tayari kufanya kazi ya chini bila kunung’unika wala kujionyesha. Unadhani hakika yake ilitoka wapi?

ALHAMISI

Kuonya Bila Kuvunja

Soma Wakolosai 3:20–21 na Waefeso 6:4. Kwa nini Paulo, baada ya kuwaambia watoto watii, anawageukia akina baba?

Kwa wasomaji wa kwanza agizo hili lilikuwa geni. Sheria ya Kirumi ilimpa baba mamlaka makubwa mno juu ya watoto wake, hata ya uhai na kifo, na mtoto mchanga aliyekataliwa na baba aliweza kutupwa nje. Huko Oxyrhynchus, Misri, ilipatikana barua ya mwaka 1 K.K. ambamo mume aliye safarini anamwagiza mkewe mjamzito kwamba akizaa mvulana amtunze, na akiwa msichana amtupe. Barua yenyewe ni ya upole, ya mume anayemkumbuka mkewe. Agizo hilo limeingia humo kama jambo la kawaida. Katika ulimwengu huo Paulo anawaambia akina baba kwamba moyo wa mtoto unaweza kuvunjika, na kwamba wao watawajibika.

Neno la Kiyunani linalotumika mwishoni mwa Wakolosai 3:21 lina maana ya kuishiwa moyo, kubaki bila nguvu ya kujaribu tena. Wazazi wengi wamemwona mtoto wa namna hiyo. Hapigi kelele na hajibu. Ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anasema sijui. Majirani wanamsifu kwamba ana adabu. Wakati mwingine ni adabu, na wakati mwingine ni mtoto aliyekwisha kukata tamaa ya kumpendeza mtu.

Mithali inaagiza kuonya, na hakuna anayeiondoa katika Biblia. Lakini lipo onyo linaloshughulika na tendo, na lipo linaloshughulika na mtu. Mtoto ametumwa dukani, akapoteza chenji. “Umepoteza shilingi elfu mbili, kaa hapa tufikiri ulipita wapi, na kesho utafanya kazi ya kuifidia.” Huo ni wajibu, na unauma inavyostahili. “Wewe ni mwizi kama baba yako,” hayo hayakusahihisha chochote. Yamempa mtoto jina, na yamemvunjia heshima baba yake katika sentensi moja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya ukatili au ya kumdhalilisha. Haifai nyumba ya Mkristo ikawa chini ya kiwango kinachodaiwa na serikali.

Na mzazi akikosea? Wazazi wengi wa Kiafrika wanaamini kwamba kumwomba mtoto msamaha ni kujishusha. Lakini mtoto anayeambiwa, “Mwanangu, jana nilikuita jina baya. Si kweli, na nilikosa,” anajifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba ukweli una nguvu kuliko mkubwa, na kwamba yeye ni mtu wa kutosha kuombwa radhi.

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake kiitwacho Elimu, kilichotolewa mwaka 1903, kwenye sura ihusuyo nidhamu, Ellen G. White anaeleza kwamba kuwaaminia watoto huwajenga, na kwamba kuwashuku daima huzaa maovu yale yale ambayo mwenye kushuku anataka kuyazuia. Soma sura hiyo yote, ikiwezekana baba na mama kwa pamoja. Soma pia 1 Samweli 16:6–13. Yese alipoita wanawe kwa ajili ya dhabihu, hakumhesabu Daudi, na alipoulizwa alimtaja kwa udogo wake na kazi yake ya kuchunga. Samweli alikataa kuketi mpaka mtoto huyo aletwe. Kanisa linaweza kuwa Samweli kwa mtoto ambaye kwao hahesabiwi: mwalimu wa Shule ya Sabato ya watoto, kiongozi wa Watafuta Njia, mama wa jirani anayemwita kwa jina lake halisi.

Neno la mwisho kuhusu Benyamini. Jina jema halikuwa kinga ya kila kitu. Waamuzi 19–21 inasimulia habari za kutisha za kabila lake. Pia kutoka kabila hilo alitoka mfalme wa kwanza wa Israeli, ambaye alianza vizuri akaishia vibaya, na mtume ambaye alianza vibaya akaishia vizuri (Wafilipi 3:5). Mzazi hampi mtoto hatima yake. Anampa mahali pa kuanzia.

Jioni ya leo, Sabato inapofunguliwa, familia nyingi huimba, husoma na kuomba. Wale ambao hawajawahi kujaribu wanaweza kuongeza jambo moja: baba au mama kuweka mkono juu ya kichwa cha kila mtoto, kumtaja kwa jina, na kumwambia jambo moja la kweli analolifurahia kwake, lisilohusu masomo wala kazi za nyumbani. Mara ya kwanza watoto watacheka, na huenda mzazi naye akaona aibu. Waendelee.

Maswali ya Kujadili:

1. Yakobo aliweka kando neno la mwisho la marehemu mkewe kwa ajili ya mtoto. Ni mila au matakwa gani ya ukoo ambayo mzazi Mkristo anaweza kulazimika kuyaweka kando kwa sababu kama hiyo, na ayafanye namna gani bila kuwadharau wazee?

2. Mjane mwenye watoto wanne ameongezewa wawili wa marehemu dada yake. Chakula hakitoshi na ada ni ya watoto watatu tu. Atapangaje mambo bila kuwaweka wale wawili mbele kwenye foleni ya Yakobo? Kanisa la mahali lina sehemu gani katika jibu hilo?

3. Je, inawezekana mtu kuwa msikivu sana wa hisia za mtoto hata akafanana na Daudi mbele ya Adoniya? Mpaka uko wapi? Toeni mifano kutoka katika malezi ya siku hizi.

4. Katika kanisa lenu, watoto hutajwa mbele ya mkutano wakati gani? Ni wanaofaulu na wanaoimba vizuri peke yao? Mtoto mwenye ulemavu, au anayechelewa kusoma, husikia jina lake lini?

5. Wapo darasani watu wazima ambao hawakuwahi kubadilishiwa jina na mtu. Someni tena ombi la Yabesi, kisha ombeaneni wawili wawili, kila mmoja akimtaja mwenzake kwa jina.